Mkaguzi Aliyezima Sauti

Katika ofisi ile ya ukaguzi wa filamu hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mama Mkasi, naye alikwisha kulizoea jina hilo mpaka akawa anageuka hata akiitwa hivyo barabarani. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa akizitazama filamu kabla watu wengine hawajaziona, akiandika nini kikatwe na watoto wa umri gani wazuiwe mlangoni, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwona akishtuka. Wakaguzi vijana walitoka katika chumba cha kutazamia wamekumbatia mafaili kifuani, macho yamewatoka pima. Yeye alitoka akipiga miayo. Ndiyo maana filamu zote za mizimu, mashetani na wafu wasiotulia zilipelekwa mezani kwake, na wenzake wakashukuru Mungu.

Siri yake ilikuwa ndogo na aliitunza vizuri. Mama Mkasi alikuwa mwoga, tena mwoga wa kutupwa. Tangu mumewe afariki, miaka kumi na tisa iliyopita, akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu, hakuweza kusikia mlango ukilia kwenye filamu bila kuusikia tena nyumbani kwake jioni. Picha hazikumsumbua hata kidogo. Damu alijua ni rangi, na meno ya shetani alijua ni plastiki. Kilichomtesa ni sauti. Basi akatafuta njia. Alivaa hedifoni kubwa nyeusi zilizomfunika masikio yote mawili, akakaa wima mbele ya skrini kama mtu makini kupita wote, na ule waya, badala ya kuuchomeka kwenye mashine, akautia mfukoni mwa sweta.

Kazi haikulala kwa sababu hiyo. Kila mwenye filamu alitakiwa kuleta na mswada, maneno yote yanayosemwa yakiwa yameandikwa, na Mama Mkasi aliusoma huku akifuata midomo ya watu. Matusi aliyakuta kwenye karatasi, damu akaikuta kwenye skrini. Akajaza fomu, akagonga muhuri, akaenda zake kunywa chai. Na kwa kuwa katika miaka kumi na tisa hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika, alifika mahali akaanza kuamini kwamba hakuwa akimdanganya mtu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu astaafu, ikaja filamu iliyoitwa Jikoni Kuna Mtu.

Aliyeileta mezani ni msichana wa masijala waliyemwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

"Mama, leo utacheka mpaka ukome," alisema akiweka bahasha. "Hii imetengenezwa na fundi redio. Fundi redio kabisa, wa redio mbovu na pasi zilizoungua. Waigizaji ni dada yake, shemeji yake na watoto wa dada yake. Wamepigia picha nyumbani kwao, sebuleni!"

"Na mzimu ni nani? Mama mkwe?"

"Mzimu hayupo! Nimeipitia orodha ya waigizaji yote, hakuna aliyeandikwa mzimu. Nadhani waliishiwa ndugu."

Wakacheka wote wawili, na Mama Mkasi akafungua mswada. Kurasa kumi na moja tu, zimeandikwa kwa mkono, herufi kubwa kubwa za mtu asiyezoea kuandika. Humo mlikuwa na maneno yanayotoka midomoni mwa watu tu, basi. Aliingia chumba cha kutazamia, akavaa hedifoni, akautia waya mfukoni.

Alichokiona ni hiki. Kuna baba na watoto wawili, wa kike mdogo na wa kiume mkubwa kidogo, na picha ya mama yao ukutani inayomweleza mtazamaji kwamba mama hayupo tena duniani. Wanakula. Ghafla wote wanainua vichwa na kutazama ukuta. Baba anainuka, anakwenda jikoni, anawasha taa, jikoni hakuna mtu, anarudi. Siku ya pili wanakula tena, wanatazama ukuta tena. Huyo shemeji mtu aliyeigiza baba alikaa kikakamavu utadhani anasubiri kung'olewa jino, na kivuli cha mpiga picha kilionekana mara mbili kwenye mlango wa friji. Hakuna damu, hakuna uso wa kutisha, hata pazia halikutikisika. Dakika themanini watu wanatazama ukuta! Mwishoni kabisa yule mtoto wa kike anavaa kandambili kubwa kuliko miguu yake, anatembeatembea, huku baba amejiinamia mezani. Mama Mkasi alikuwa anasinzia.

Aliandika: "Filamu haina tukio. Wahusika wanatazama ukuta kwa muda mrefu bila sababu. Mwishoni mtoto anacheza na kandambili. Haijafikia kiwango cha kuonyeshwa." Akagonga muhuri. Katika ofisi ile neno la mkaguzi mmoja lilitosha kuizuia filamu, na la Mama Mkasi hakuna aliyethubutu kuliuliza mara mbili.

Siku ya nne fundi redio akaja mwenyewe. Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri sana, vidole vimejaa alama ndogo za kuungua kwa kazi yake ya kuunganisha nyaya. Alikaa kwenye benchi la wageni tangu ofisi ilipofunguliwa bila kumsumbua mtu, barua ya ofisi ameikunja mkononi. Mama Mkasi alipotoka akasimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kukata rufaa?"

"Hapana mama, sikuja kugombana. Nyie ndio mnaojua kazi. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu." Akaikunjua barua, akaweka kidole kwenye mstari. "Hapa imeandikwa wanatazama ukuta bila sababu. Nauliza, ile sauti ya jikoni, haikusikika?"

"Sauti gani?"

Neno lilikuwa limeshamtoka. Fundi redio alimtazama, kisha akaitazama barua, kisha akatikisa kichwa taratibu kama anayegundua ubovu kwenye redio ya mteja.

"Basi ni nakala yangu," alisema. "Siku ile nilikuwa na haraka, huenda sauti haikuingia. Ehe, ni mimi. Samahani sana mama. Nimekupotezea muda wako wote ule, umekaa unatazama watu bubu."

Mlango ulikuwa wazi hivyo, nani asingepita?

"Inawezekana," alisema Mama Mkasi.

Fundi redio akatoa nakala nyingine kwenye mfuko wa shati, ameiviringisha kwenye kitambaa safi. "Hii nimeisikiliza jana mara tatu, mwanzo hadi mwisho. Ukipata nafasi tu, mama. Ukumbi tumeshauomba, Jumamosi ya wiki ijayo saa nane mchana. Ikishindikana tutawaambia watu wasije." Akaaga kwa heshima zote na kuondoka.

Mama Mkasi alirudi chumba cha kutazamia na kufunga mlango kwa ufunguo. Nakala mpya hakuigusa. Alitoa ile ya kwanza kwenye droo, akaiweka kwenye mashine, akautoa waya mfukoni. Waya ulikuwa na nyuzi za sweta kwenye ncha, akazipuliza. Akapiga moyo konde, akauchomeka.

Sauti ilikuwepo, safi kabisa. Kijiko kiligusa sahani, baba akawaambia watoto wale chakula kabla hakijapoa, kiti kikalia sakafuni. Mama Mkasi aliona aibu palepale, hata kabla hajaogopa, kwa sababu mtu alikuwa ameomba radhi kwa kosa ambalo halikuwepo.

Kisha zikaja kandambili. Zilianza mbali, upande wa kushoto wa kichwa chake, chapa, chapa, chapa, mtu anatembea jikoni bila haraka, mtu aliye kwake. Kifuniko cha sufuria kikafunuliwa, kikarudishwa. Mtu akakohoa kidogo, kikohozi kile cha kusafisha koo tu. Kwenye skrini wale watu watatu wakainua vichwa kutazama ukuta, na Mama Mkasi, mkaguzi wa miaka thelathini na moja, akageuka naye kuutazama ukuta wa ofisi. Nywele zilimsimama. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na Chiriku anasikika kwa mbali akimsema mtu, lakini mikono yake ilikuwa baridi.

Alitaka kuuchomoa waya. Aliushika mara mbili, mara mbili akauacha. Kila jioni katika filamu ile kandambili zilisogea zaidi: kwanza jikoni, kisha ujia wa nyumba, kisha zikafika mlangoni pa chumba cha watoto, zikasimama. Haziingii. Zinasimama tu, na mtu anapumua kule nje, kisha zinarudi zilikotoka. Na hapo ndipo yule mtoto wa kike anasema, "Lala salama." Mama Mkasi alikuwa ameyasoma maneno yale kwenye mswada akadhani mtoto anamuaga baba yake. Kumbe anauambia mlango.

Woga wake ukaanza kubadilika bila yeye kujua. Watoto walizoea, wakawa wanangoja. Baba naye, yule shemeji mkakamavu, ukimsikia sauti ukakamavu wote unausamehe, maana alikuwa anaongea kama mtu anayeogopa kwamba akipaza sauti atamfukuza mgeni. Akaanza kuacha chakula kidogo kwenye sufuria. Kivuli cha mpiga picha kikapita kwenye friji na Mama Mkasi hakukiona safari hii.

Halafu ikafika jioni moja hazikuja. Wamekaa mezani wote watatu, vichwa vimeinuliwa, wanatazama ukuta uleule. Bomba lilidondosha tone. Bati la paa likalia kidogo likipoa. Hapakuwa na kitu kingine, dakika nzima, dakika mbili, chakula kinapoa, na Mama Mkasi alijikuta anaomba kwa moyo wake wote yule marehemu aje. Baba akajiinamia mezani. Ndipo mtoto wa kike akateremka kwenye kiti, akaenda mlangoni, akavaa kandambili za mama yake, akatembea kwenda jikoni. Chapa, chapa, chapa. Akafunua kifuniko, akakirudisha. Kisha akakohoa, kikohozi kidogo cha kitoto kinachojaribu kuwa cha mtu mzima.

Mama Mkasi alilia kwa kwikwi, miwani ameishika mkononi. Alikuwa ameandika kwamba mtoto anacheza na kandambili. Ameandika, akagonga na muhuri! Filamu za mizimu alizozitazama hazihesabiki, nyingine zilitengenezwa na watu wenye magari matatu ya mitambo na mashetani ya kukodi, na hakuna hata moja iliyomfanyia hivi. Huyu fundi redio hakuwa na uwezo wa kuuonyesha mzimu, basi akafanya kazi anayoijua, akausikizisha. Na bahati yake mbaya akaangukia mezani kwa mtu pekee mjini ambaye asingeusikia.

Alinawa uso, akachukua fomu ya kubadili uamuzi. Ilikuwa fomu fupi, yenye mstari mmoja mkubwa: sababu. Aliandika, akaipeleka kwa mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini. Mama Mkasi ndiye aliyemfundisha kazi. Aliisoma fomu, akaisoma tena, akaenda kufunga mlango.

"Mama, hii tusiandike hivi. Mwenyewe amekiri nakala ilikuwa mbovu, si ndiyo? Chiriku ameshalitangaza hilo ofisi nzima."

"Nakala haina ubovu. Nimeisikiliza."

"Basi tuseme mtambo."

"Mtambo ni mzima, mwanangu. Fundi wetu wa mitambo ana watoto, usimtafutie matatizo."

"Sasa ubovu ni wa nani?"

"Si umesoma? Waya wa hedifoni huwa nautia mfukoni."

Mkurugenzi alikaa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa kwamba ngazi anayoipanda kila siku haina msingi. "Mwaka wangu wa kwanza," alisema polepole, "nilitoka mbio kwenye chumba kile. Ile filamu ya kisima. Unakumbuka ulichoniambia?"

Mama Mkasi alikumbuka. Alitamani asikumbuke. "Nilikwambia kazi hii si ya waoga."

"Mbele ya watu wote. Wiki nzima nilijiona si mwanaume. Nikakaa nikajifunza kuvumilia. Mpaka leo nikitazama zile filamu naumwa tumbo siku mbili, na sijamwambia mtu, kwa sababu yako." Hakuwa anafoka. Ingekuwa nafuu angefoka. "Na wewe waya uko mfukoni."

"Uko mfukoni. Nisamehe. Nilikucheka ili nisichekwe mimi."

Mkurugenzi alikunja na kukunjua kona ya fomu. Kisha akasema kama mkurugenzi, kwa sababu ilibidi mtu aseme hivyo. Filamu zote za kutisha alizozipitisha au kuzizuia kwa miaka kumi na tisa zitakaguliwa upya, na ziko mia moja na kitu. Chumba cha kutazamia hataingia tena. Siku zilizobaki kabla ya kustaafu atakaa masijala kupanga mafaili. Ile sherehe ya kumuaga, na hotuba iliyokwisha kuandikwa kuhusu moyo wake wa chuma, yeye mkurugenzi ataona la kufanya.

"Na utaratibu unaujua," aliongeza. "Uamuzi ukibadilishwa, sababu inasomwa kwa sauti mbele ya mwombaji, pale kaunta. Kama unataka nimwite humu ndani, nimsomee mimi."

Kaunta ilikuwa ukumbini, mahali ambapo kila mfanyakazi hupita akienda kujaza kikombe. Mama Mkasi alilifikiria jina lake, jinsi lilivyomkaa, jinsi vijana walivyokuwa wakinyamaza akipita. Lilikuwa jina zuri. Alilipenda kuliko alivyowahi kukiri.

"Kosa nililifanya mimi, nitalisoma mimi," alisema.

Fundi redio aliitwa, akafika kesho yake na shati lilelile, limepigwa pasi upya. Chiriku alikuwa nyuma ya kaunta. Wakaguzi wawili vijana walikuwa na vikombe mkononi, mkurugenzi amesimama kwenye mlango wa ofisi yake. Mama Mkasi alivaa miwani. Akaiweka karatasi juu ya kaunta.

"Uamuzi wa awali umefutwa," alisoma. "Filamu Jikoni Kuna Mtu inaruhusiwa kuonyeshwa kwa watu wa miaka kumi na mitatu na kuendelea. Sababu ya kubadili uamuzi: nakala haikuwa na kasoro, na mtengenezaji hana kosa lolote. Mkaguzi aliitazama filamu akiwa amezima sauti. Amekuwa akifanya hivyo kwa filamu zote za kutisha tangu alipofiwa na mume wake, miaka kumi na tisa sasa, kwa sababu anaziogopa."

Mmoja wa wale vijana aliguna, nusu kicheko, akajifanya anakunywa chai. Chiriku alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakikutoka kitu. Uso wa Mama Mkasi ulikuwa unawaka mpaka masikioni. Akaisogeza fomu kwa fundi redio na kumwonyesha pa kutia sahihi.

Fundi redio hakushika kalamu. "Kwa hiyo sauti ilikuwepo," alisema.

"Ilikuwepo yote. Nilikuacha uombe radhi bure, na mimi najua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi."

"Na ulipoisikiliza, mama? Uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Wapi?"

Hakuuliza kwa kujisifu. Aliuliza kama fundi anayetaka kujua redio inakoroma wapi. Mama Mkasi angeweza kusema mlangoni pa watoto, mtu yeyote angesema hapo.

"Ile jioni ambayo hakuja," alisema.

Fundi redio aliinamisha kichwa, akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole kwa zile herufi zake kubwa. "Mimi na dada yangu tulimsikia mama yetu kwa miezi miwili," alisema bila kuinua macho. "Hatukuogopa hata siku moja. Mpaka ilipofika hiyo jioni." Akarudisha kalamu juu ya kaunta, akamtazama. "Na mzee wako, mama? Uliwahi kumsikia?"

Jibu alikuwa nalo, lile la watu wazima, kwamba waliokufa wamekufa na hawarudi. Alikuwa amelitoa mara nyingi hapo ofisini, akicheka. Safari hii aliliacha.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Sikuthubutu kusikiliza."